Ndoo Moja, Maua ya Mwaka Mzima

Lavender Hill, Cape Town
17 Agosti 1986

Boeta Toyer,

Asalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mkeo Farieda na kijana wenu Nazeem. Sisi tupo. Mume wangu Gasant magoti yanamsumbua lakini mdomo wake uko salama. Tangu astaafu kiwandani anakaa mlangoni kutwa akiwahukumu wapita njia. Washiela amejifungua mtoto wa kike, tumempa jina la Mama, Zubeida. Mvua haijakata wiki ya tatu sasa na chini ya ngazi za fleti yetu pamekuwa bwawa. Watu hawajachoka na utani wao: mahali panaitwa Lavender Hill, na hapajawahi kuwa na lavenda wala kilima.

Tangu Idi ya mwaka jana sijaona barua yako, kaka. Silalamiki, nasema tu.

Sasa jambo lenyewe, na usicheke. Najifunza kuchora. Kila Jumatano jioni kuna darasa kwenye ukumbi wa mtaa, mwalimu ni msichana mmoja, Miss Arendse. Wenzangu wanaiga milima kutoka kwenye kalenda. Mimi nilisema nataka kuchora ndoo ya maua ya Mama, ile aliyokwenda nayo kuuza mjini. Akaniuliza, "Picha yake unayo?" Nikamwambia nani alikuwa na kamera, na nani angepiga picha ndoo. "Basi tafuta maua yenyewe, mabichi, uyaweke mbele yako," akasema. "Ukichora ua kutoka kichwani utachora kijiko."

Tatizo unalijua. Nargisi ziko sasa, dalia mpaka kiangazi. Kwa hiyo nimeamua kila ua nitalichora msimu wake utakapofika, kwenye ubao huo huo mmoja, mpaka mwaka uzunguke. Nargisi nne tayari ziko mahali pake na ndoo yenyewe bado haipo, zimeelea kama mizimu.

Wewe ndiye uliyembebea ile ndoo mpaka kituo cha basi. Niambie kulikuwa na nini ndani, na kipi kilikaa wapi. Na yale mawaridi uliyokuwa ukichora kwenye mikokoteni ya matunda pale Wynberg, ulikuwa unaanzia wapi?

Dada yako,
Moena


Toronto
5 Oktoba 1986

Moena, mdogo wangu,

Waaleikum salaam. Hongera kwa mjukuu. Farieda anasalimu, amekutumia vitambaa vya mtoto kwa meli. Nazeem ameacha chuo, anasema anaitafuta nafsi yake. Nimemwambia aitafute huku akiosha vyombo. Baridi imeshaanza kupiga hodi.

Kazi ni ile ile ya mabango, ila siku hizi herufi zinakatwa na mashine kwenye plastiki, mimi nabandika. Brashi sijaishika tangu nije huku, ukiacha siku nilipopaka ukuta wa jikoni.

Sikucheka. Ila umeanza vibaya kama kawaida yako. Ukiwa na maua kadhaa mbele yako, anza na lile litakalokufa kwanza. Usianze na lile unalolipenda. Na usikimbilie rangi ya ua. Waridi jekundu, tafuta kwanza kivuli chake, utakuta kina kijani na kijivu humo ndani, ukishakipata hicho wekundu utajileta wenyewe. Yakate kwa mshazari, alfajiri, yalaze bafuni penye baridi. Ua likishageuka kufuata dirisha usibishane nalo, geuka nalo au liache mpaka kesho.

Ndoo ilikuwa ya zinki, mkono wake umefungwa kitambaa cha buluu ili usimkate Mama vidole. Nyuma kabisa maua marefu, gladiola au yale meupe makubwa ya mtoni ambayo jina lake la masikio ya nguruwe Baba hakutaka litamkwe nyumbani. Katikati dalia. Mbele, yale ya njegere yenye harufu, maana wateja huinama kwanza kunusa. Mama aliyajua maduka kuliko wenye maduka.

Umesahau mayungiyungi ya Machi, yale ya rangi ya waridi yanayotoka ardhini shina tupu bila jani hata moja. Mama hakushuka mjini mwezi wa Machi bila hayo. Lakini hayo yaache. Yalikuwa ya ukutani kwetu, na huko hakuna mtu wa kwenda.

Maua niandikie utakavyo. Constantia, pale tulipohamishwa, usiniandikie.

Toyer


Lavender Hill
11 Januari 1987

Boeta,

Asalaam aleikum. Sote wazima, mtoto ameota jino. Vitambaa vimefika, Farieda ana macho mazuri, mwambie nimesema hivyo. Darasa lilifungwa wiki nne kwa sababu magari ya askari yalipiga kambi nje ya ukumbi. Miss Arendse akawa anakuja kwangu na baiskeli, brashi zimo kwenye soksi.

Ubao unajaa. Yale meupe ya mtoni niliyachora Septemba. Gasant alienda kuoga akayakuta bafuni, akapiga kelele, "Moena, kuna harusi humu au mazishi?" Nikamwambia chagua mwenyewe, ila usiyaguse. Njegere zilinitesa, zilinyauka huku nikizitazama. Nilifuata shauri lako, zikafa zote lakini kwanza nilizipata. Yale maua ya buluu ya Krismasi yenye vichwa kama kabichi nilichora siku tatu bila kupika. Binti yangu Washiela alikula mkate mkavu na samaki wa kopo akasema mama yake kapatwa na wazimu wa uzeeni.

Ndoo imeshapata umbo, dalia zipo, na kitambaa cha buluu kipo. Umenikumbusha hilo nikakaa chini.

Sasa imebaki nafasi ya Machi. Pale mjini watu wanayauza, nimeyaona miaka yote, lakini yamepauka, na hayana ile harufu ya kwetu. Ulisema niyaache, Boeta. Nimejaribu. Nafasi ile iko katikati ya ubao na kila anayeingia anauliza, "Hapa vipi?"

Moena


Lavender Hill
22 Machi 1987

Boeta Toyer,

Asalaam aleikum. Jibu la barua ya Januari sijaliona, labda liko njiani. Hapa wote wazima.

Nilikwenda. Najua ulivyosema, lakini nilikwenda Constantia, kwetu, na siwezi kuchora na kukuficha.

Nilipanda basi mpaka Wynberg, kisha miguu. Ni miaka ishirini tangu serikali ituletee ile karatasi ya kusema mtaa wetu sasa ni wa wazungu, na miguu ilijua njia kuliko mimi. Msikiti upo. Kwa kina Salie ni uwanja wa tenisi. Nyumba yetu ipo, imepakwa chokaa nyeupe kama keki, ina geti la chuma. Na ukutani, Boeta, yalikuwa yamechanua, mstari mzima, mashina matupu yamesimama kama watoto wa madrasa.

Nikagonga. Akatoka mama mmoja wa kizungu, mzee kama mimi, glavu za bustani mkononi. Jina lake Bibi Hallam, mjane.

"Pole, mama," akasema, "mtu wa kufua nimeshapata."

"Sikuja kufua. Nimekuja kuomba maua matatu."

"Hayauzwi."

"Najua hayauzwi. Nilizaliwa kwenye kile chumba mnachowekea baiskeli."

Alikitazama kile chumba, akanitazama mimi, nikadhani ataita mbwa. Halafu akafungua geti. Akakata matatu mwenyewe, akayafunga kwa gazeti lililoloweshwa. Yote matatu yalifika Lavender Hill yamelala, siku ile joto lilikuwa la kupikia mkate. Kesho yake nikarudi na ubao na rangi, nikamwambia, "Hayapendi kupanda basi. Itabidi nichoree hapa." Akaniletea kreti na chai. Nimekaa uani kwetu asubuhi tatu.

Unajua yanageuka? Saa mbili yanatazama ukuta, saa tano yanatazama njia. Rangi yake ya waridi si waridi kabisa, kooni kuna njano, mgongoni kuna zambarau. Nimeyaona maisha yangu yote na sikuwahi kuyaona.

Siku ya tatu huyo mama aliniambia jambo. Nitakuandikia siku nyingine, bado sijajua la kufanya nalo.

Moena


Toronto
2 Mei 1987

Moena,

Barua yako ya Machi nimeipata. Ulisimama nje ya mlango wetu ukaomba ruhusa ya kuingia. Ukaletewa chai kwenye uwanja wa baba yako, ukasema asante. Mama asingeinama kwenye geti lile hata kwa ndoo ya dhahabu.

Sitaki kujua huyo mwanamke alikwambia nini.

Toyer


Lavender Hill
14 Juni 1987

Toyer,

Barua yako haikuwa na salamu. Mimi nakusalimu, nimelelewa vizuri.

Utajua alichosema kwa sababu ni chako pia.

Unakumbuka nilivyokuandikia habari za Mama na Alhamisi zake baada ya kuhamishwa? Alivaa kanzu nzuri, akasema anakwenda dhikri ya akina mama Wynberg. Hata mvua ikinyesha. Mimi nilimwandalia nguo miaka yote hiyo na sikuuliza kitu, kwani mtu humuuliza mama yake habari za dhikri?

Siku ya tatu Bibi Hallam alisimama nyuma yangu akitazama ubao. Akasema, "Kuna mama mwingine alikuwa akija. Mfupi, ana ndoo."

Brashi ilinianguka kwenye majani.

Akaniambia walihamia mwaka sitini na tisa na tayari alikuwa akija. Kila Alhamisi. Hakugonga. Aliingia kwa upande wa kijito, akafungua bomba, akamwagilia ule ukuta, akang'oa magugu, akaondoka. "Mume wangu alitaka kuita polisi," akasema. "Nikamwambia mwache, labda ana kichaa. Halafu nikaona hana kichaa."

"Mliongea?"

"Mara moja tu. Nilimsalimia kutoka dirishani. Akanitazama mpaka nikafunga pazia. Tangu siku hiyo Alhamisi nilikuwa natoka, nikakaa kwa dada yangu mpaka jioni, ili awe peke yake. Mwaka wa sabini na nane hakuja tena. Sikujua jina lake nimuulizie kwa nani."

Nikamwambia jina lake. Akalirudia mara mbili, vibaya.

Kila Machi tulikuwa na mayungiyungi mezani hapa fletini, Toyer. Nilidhani ananunua.

Kwa hiyo umesema kweli, hakuinama. Hakuomba ruhusa ya mtu. Mimi niliomba, na niliingia, na nimechora nilichokwenda kuchora. Sikuombi msamaha.

Moena


Toronto
20 Septemba 1987

Dada yangu Moena,

Asalaam aleikum. Natumaini Gasant magoti yana nafuu na mtoto anatembea sasa. Hapa majani yameanza kuwa mekundu. Nazeem ameirudia nafsi yake pamoja na chuo. Nilianza barua hii mara nyingi tangu Julai. Farieda amechoka kuokota karatasi.

Siku barua yako ya Juni ilipofika niliisoma gereji, nikakaa humo kwenye gari mpaka Farieda akaja kunigongea kioo.

Ulipoandika mwaka ule kuwa Mama ni mgonjwa, niliwaambia nyote barua ilichelewa kwa sababu ya mgomo wa posta. Haikuchelewa, Moena. Ilifika. Niliuona mwandiko wako umelala upande mmoja kama unakimbia, nikajua. Nikaiweka juu ya friji. Nikajiambia nitaifungua Ijumaa. Ijumaa ikapita. Ilikaa pale siku kumi na tisa, na kila asubuhi nilitoa maziwa kwenye friji ile bila kuinua macho. Nilipoifungua, simu ya kifo ikaja siku mbili baadaye.

Niliondoka huko nikiwa na hasira na serikali, kila mtu aliielewa, mpaka ikawa rahisi kuivaa kila siku kama koti. Ukweli ni kwamba niliogopa kumwona Mama ndani ya fleti. Mama aliyekuwa na kijito na ukuta, kumwona anapanda ngazi za zege na ndoo tupu. Nilitaka abaki pale nilipomwacha. Na kumbe alikuwa palepale, na hakumwambia hata mmoja wetu.

Nakuuliza jambo moja, na unijibu kweli. Uliniandikia kuwa alikufa usingizini, kwa amani, hakuuliza kitu. Ni hivyo?

Kaka yako,
Toyer


Lavender Hill
18 Oktoba 1987

Boeta wangu,

Waaleikum salaam. Mtoto anatembea, anavunja. Gasant anakuambia magoti ni yale yale ila sasa ana mtu mfupi wa kugombana naye. Dalia bado hazijachanua, lakini nargisi za mwaka huu zimekuja na kwenda na nilizipita sokoni bila kusimama, maana zangu ziko ubaoni.

Si hivyo.

Alikuulizia kila siku. Mwisho alimwita Gasant kwa jina lako, akamtuma achukue ndoo, basi linakuja. Gasant, Mungu ambariki, alisimama, akaenda jikoni, akarudi akasema, "Nimeshaibeba, Mama." Ndipo akatulia. Alikufa mchana, macho wazi, akisikiliza ngazi.

Nilikuficha kwa hasira, sikukuonea huruma. Naomba uelewe hilo vizuri. Nilijisemea hakuja, basi asipewe. Hayo maneno yalikuwa yako, nikayakalia miaka tisa. Nilipokuwa naandika "kwa amani" nilijua ninachofanya.

Siku kumi na tisa zako na miaka yangu tisa, mimi sijui nani amekosa zaidi na sitaki kuhesabu.

Picha haijaisha. Mayungiyungi yako mahali pake lakini hayajakaa sawa, Miss Arendse anasema yako sawa, mimi naona hayako. Yatachanua tena Machi. Kitanda cha Washiela kiko wazi tangu apate nyumba yake. Sikwambii uje. Nakwambia kitanda kiko wazi.

Moena


Lavender Hill
24 Aprili 1988

Boeta Toyer,

Asalaam aleikum. Natumaini ulifika salama na Farieda hakukasirika kwa ule mzigo wa achari. Gasant amekosa mtu wa kubishana naye habari za kriketi, anabishana na redio. Zubeida anaita kila mwanaume mwenye kofia "Toya", jana kamwita hivyo muuza samaki.

Nyumba imekuwa kimya na nimepata muda wa kukuandikia ambayo hatukusema. Wiki tatu ulikaa hapa na tulizungumza habari za chumvi ya mchuzi tu, sisi wawili.

Nilijua hutaingia kwa Bibi Hallam. Tuliposhuka kwenye gari la mkwe wangu uliushika ule ubao kama ngao, ukasema, "Mimi nitasubiri hapa njiani." Nikakuacha. Bibi Hallam akaniuliza, "Huyo ni nani?" Nikamwambia ni mwana mwingine wa yule mama wa ndoo. Akaingia ndani, na nilidhani amekwenda kuleta chai yake, kumbe alikwenda kuchukua kofia na mkoba. Akapita karibu yako getini, akasema, "Mimi nakwenda kwa dada yangu mpaka jioni," akaenda zake, geti akaliacha wazi. Niliiona kofia yako ikitoka kichwani.

Ulipoingia hukutazama nyumba. Ulikwenda moja kwa moja ukutani ukachuchumaa, magoti yakalia nikayasikia. Nilikupa mgongo nikajifanya natafuta tapentaini kwenye kikapu. Sijui ulikaa muda gani.

Halafu ukaniita. "Moena! Haya uliyachora saa ngapi?"

"Saa nne. Tano."

"Ndiyo maana yamechoka. Mama alikata alfajiri, shina lilikuwa limejaa maji, lilisimama hivi." Ukanionyesha kwa mkono wote, kama askari wa trafiki.

"Mimi nimechora nilichokiona!"

"Nani kakwambia hukukiona? Nasema umechelewa kuamka."

Wewe na mdomo wako. Na kesho yake ukaniamsha gizani, tukaenda tena, ukanipokonya brashi. Ulivuta yale mashina matatu kwa mkono mmoja, kila moja pumzi moja, kutoka chini mpaka juu, kama ulivyokuwa ukivuta herufi za maduka pale Wynberg. Kwenye maua yenyewe ulirudia na kurudia, nikaona, ukapaka rangi nene mno. Nilitaka kukwambia punguza. Nikakuoshea brashi nyingine.

Miss Arendse amekuja Jumatano kuitazama. Alisema yale maua ya katikati yamechorwa na mtu mwingine. Nikasema ndiyo. Akaniuliza kama nataka anisaidie kuyalainisha yafanane na mengine. Nikamwambia aendelee kunywa chai.

Wenzangu wanataka tuitundike ukumbini kwa maonyesho ya mwezi wa sita, lakini haiwezi kusafiri bado. Kila kitu kwenye ubao kimekauka, nargisi zimekuwa ngumu kama kigae. Yako hayajakauka, ulivyopaka nene, huenda yakachukua mpaka majira ya mvua yaishe. Asubuhi nikishaswali naenda kuyagusa pembeni kwa ncha ya kidole. Leo pia nimegusa. Bado ni mabichi, na kidole changu kina rangi ya waridi ninavyokuandikia.

Dada yako,
Moena